Kijana wa Utawala wa Biashara na Uchaguzi wa Njia ya Fedha



Kila mwaka, vyuo vinapofungwa, vijana wetu wanaosomea utawala wa biashara hurudi nyumbani, na wengi wao hufika katika ofisi za vyama vya msingi wakiwa na haja mbili. Ya kwanza ni barua ya kuwaruhusu kufanya mafunzo kwa vitendo. Ya pili ni ushauri. Barua huandikwa upesi, lakini ushauri huwa mgumu. Kijana husema kwamba anataka kwenda upande wa fedha. Katibu humjibu kwamba fedha ni jambo jema, humtakia heri, na mazungumzo huishia hapo.

Makala haya yanakusudia kumpa Katibu neno la kumwambia kijana huyo, na kumfahamisha mwanachama anayemsomesha mtoto kwa mapato ya kahawa, pamba au korosho kile hasa anachokigharimia. Shahada ya miaka mitatu ni misimu mitatu ya mzazi. Ikiwa mwishoni mwake kijana ana cheti lakini hajui ni kazi gani anayoiweza, misimu hiyo imepotea nusu. Na chama nacho kina hasara yake, kwa sababu vyama vingi vya msingi vina mizani, ghala na wanachama, lakini havina mtu anayeweza kufunga hesabu za mwaka bila kumwita mtu wa nje.

Shamba pana lenye mazao mengi

Yafaa kwanza tuelewe kile anachosoma. Utawala wa biashara si somo moja. Mwanafunzi hufundishwa misingi ya uhasibu, uchumi, takwimu, sheria za biashara, masoko, usimamizi wa watumishi, ununuzi na ugavi, na usimamizi wa fedha. Elimu hiyo ni njema kwa mtu atakayekuwa meneja, kwa kuwa meneja lazima aelewe lugha ya kila idara. Lakini ni kama shamba pana lililopandwa mazao mengi: anayemaliza amegusa kila zao, wala hajavuna lolote kwa wingi.

Kwa hiyo, kijana anayetaka kuishi kwa kazi ya fedha hana budi kuchagua njia kabla ya kumaliza. Vyuo vingi huwapa wanafunzi nafasi ya kuelekea fani fulani katika mwaka wa pili au wa tatu, lakini hata pale ambapo nafasi hiyo haipo, bado anaweza kuchagua masomo ya hiari, mahali pa mafunzo kwa vitendo, na mada ya utafiti wake wa mwisho. Asiyechagua huchaguliwa na bahati. Na anayejaribu kushika yote yatampata ya fisi, aliyeshindwa na njia mbili.

Mkopo mmoja, watu sita

Kosa kubwa linalofanywa na vijana, na hata na wazazi, ni kudhani kwamba fedha ni kazi moja, na kwamba tofauti iliyopo ni ya ofisi tu: benki ni kubwa, chama ni kidogo. Sivyo. Fedha ni kazi nyingi zenye tabia mbalimbali. Ili tuone tofauti hizo, tuchukue mfano wa kubuni ambao kila Katibu ataufahamu.

Chama cha msingi chenye wanachama 200 kinataka kukopa Sh. 40,000,000 kwa ajili ya mbolea. Benki inatoza riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na chama kimeomba kulipa mkopo wote kwa pamoja baada ya miezi 8. Riba ya miezi 8 ni Sh. 3,200,000, na deni lote ni Sh. 43,200,000. Likigawanywa sawasawa, kila mwanachama atakatwa Sh. 216,000. Sasa tuwatazame watu sita wanaoushughulikia mkopo huo huo mmoja.

Wa kwanza ni mhasibu. Kazi yake ni kuandika kilichotokea, siku kilipotokea, mahali panapostahili. Fedha zinapoingia benki yeye hujua kwamba papo hapo deni limezaliwa, naye huandika pande zote mbili. Jambo hili laonekana dogo, lakini katika chama kimoja nilichokikagua mkopo uliandikwa kuwa mapato. Mwisho wa mwaka daftari likaonyesha ziada kubwa, mkutano mkuu ukafurahi, na sehemu ya ziada hiyo ikagawanywa kwa wanachama. Msimu uliofuata benki ilipodai fedha zake, wanachama waliona kama wameibiwa, kumbe walikuwa wamekula deni lao wenyewe. Hapakuwa na mwizi, palikosekana mhasibu.

Wa pili ni afisa wa fedha, ambaye katika chama kidogo ni meneja mwenyewe. Mhasibu hutazama jana. Yeye hutazama kesho. Atauliza: je, mkopo huu umo ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis? Na fedha za mauzo zitaingia lini? Ikiwa mkopo umechukuliwa mwanzoni mwa Oktoba, miezi 8 itaisha mwishoni mwa Mei. Ikiwa malipo ya mazao huanza kuingia Septemba, chama kitafika mwezi Mei bila senti ya kulipa, ingawa hakina hasara yoyote. Kwa riba hiyo, kila mwezi unaoongezwa hugharimu Sh. 400,000. Afisa wa fedha aliye makini atashauri kuomba miezi 12 tangu mwanzo na kulipa riba ya Sh. 4,800,000 kwa kujua, kuliko kuomba miezi 8 na kuangukia katika adhabu bila kutarajia.

Wa tatu ni afisa mikopo wa benki au wa SACCOS. Huyu haandiki hesabu za chama, bali huzipima. Hutazama mikopo ya nyuma ililipwaje, mazao yaliyokusanywa katika misimu iliyopita, dhamana iliyopo, na zaidi ya yote watu wenyewe. Atajiuliza: wanachama 30 wakipeleka mazao yao kwa walanguzi na kukwepa makato, pengo la Sh. 6,480,000 litazibwa na nani? Kazi yake ni kusema ndiyo au hapana, na kuubeba uzito wa jibu hilo.

Wa nne ni mkaguzi wa hesabu. Yeye huja baada ya mambo kutendeka, wala haamini daftari kwa kuwa limeandikwa vizuri. Huomba orodha ya waliochukua mbolea, hulinganisha saini, huhesabu mifuko iliyobaki ghalani, huwauliza wanachama wachache majumbani mwao, na huiandikia benki kuthibitisha salio la deni. Mwisho hutoa maoni: hati safi, hati yenye shaka, au hati mbaya. Kwa vyama vyetu kazi hiyo hufanywa zaidi na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Wa tano ni mtu wa bima. Swali lake ni moja: ghala likiungua usiku wa leo, itakuwaje? Hupima hatari, hukadiria ada inayolingana nayo, na siku ya maafa hupima hasara kwa haki, asimpunje mwenye mali wala asiliibie shirika la bima.

Wa sita ni mtaalamu wa kodi. Hutazama mishahara ya watumishi wa chama na makato yake, malipo kwa wazabuni, na ritani zinazotakiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1996. Ritani iliyochelewa huleta adhabu hata pale ambapo kodi yenyewe ni ndogo, na adhabu hiyo hulipwa kwa kilo za mazao ya wanachama.

Iko pia njia ya saba, iliyo mbali kidogo na mkopo wetu, nayo ni ya masoko ya mitaji. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na wapo wanaofanya kazi ya udalali wa hisa, ya kuchambua hesabu za makampuni na ya kusimamia mifuko ya uwekezaji. Nafasi zake ni chache na nyingi ziko Dar es Salaam, lakini ni kazi halali ya fedha, na kijana mwenye kipaji cha takwimu asizuiwe kuijua.

Kupima kazi kwa kutwa yake

Baada ya kuzijua njia hizi, kijana atachaguaje? Wengi huchagua kwa kuangalia mshahara wa mtu mmoja waliyemwona, au jengo zuri lenye vioo. Kipimo bora ni kuuliza mtu wa kazi hiyo anafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, siku ya Jumanne ya kawaida, kisha kujiuliza: je, naweza kuifanya kutwa hiyo kwa miaka thelathini?

Mhasibu hukaa na tarakimu. Ikiwa salio la daftari la fedha na salio la taarifa ya benki vinatofautiana kwa Sh. 1,500, yeye hatalala mpaka aione. Kijana ambaye chumba chake kimepangwa, na ambaye hukasirishwa na jambo lililoachwa nusu, ana mbegu ya uhasibu. Asiyeweza kukaa kitini nusu saa asijidanganye.

Afisa mikopo hukaa na watu. Hutembelea mashamba na maduka, husikiliza maneno matamu na kuyachuja, na huenda kudai kwa mtu aliyefiwa juzi. Apasa kuwa na moyo wa huruma na uso usioyumba. Kijana mwenye haya ya kumdai jirani yake hataiweza kazi hiyo, hata awe na alama za juu namna gani.

Mkaguzi hutembea, huuliza, na mara nyingi hapendwi. Huja na begi lake, hupewa chai kwa tabasamu, na huondoka huku akisemwa. Kazi hii yamfaa mtu anayeweza kula ugali wa mwenyeji wake mchana na kuandika kweli kumhusu jioni. Ikiwa kijana anahitaji kusifiwa kila siku, ukaguzi utamchosha.

Kazi ya kodi na ya bima humtaka mtu apendaye kusoma sheria na kanuni, maana sheria za kodi hubadilishwa karibu kila mwaka Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha. Na afisa wa fedha humtaka mtu anayeweza kutoa uamuzi kabla ya kupata habari zote, kwa sababu kesho haijaandikwa katika daftari lolote.

Vyeti vya kazi na vyombo vyake

Shahada peke yake humfikisha kijana mlangoni. Katika njia nyingi za fedha kinachomwingiza ndani ni mitihani ya taaluma. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, nayo ndiyo inayosajili wahasibu na kutoa mitihani ya CPA. Mitihani hiyo hupandwa kwa hatua, na baada ya kuifaulu yote mtu hutakiwa pia kuonyesha kwamba amefanya kazi kwa vitendo kwa muda uliowekwa ndipo asajiliwe kuwa mhasibu kamili. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujitangaza kuwa mhasibu wa namna hiyo, wala kufungua ofisi ya ukaguzi wa hesabu.

Hapa liko jambo ambalo mwanafunzi wa utawala wa biashara apaswa kuambiwa mapema. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa baadhi ya masomo ya hatua za chini, kwa sababu aliyasoma chuoni. Mwenye shahada ya utawala wa biashara hupimwa kwa masomo aliyoyasoma, na aweza kutakiwa kuanzia chini zaidi. Jambo hilo si aibu wala si kizuizi, lakini ni muda na ni ada. Kwa hiyo kijana anayekusudia uhasibu au ukaguzi na aiandikie Bodi angali mwaka wa kwanza, aulize ni masomo gani yatakayohesabiwa, kisha ayachague hayo chuoni.

Njia nyingine nazo zina vyombo vyake. Watu wa benki wana Taasisi ya Mabenki Tanzania, yenye mitihani yake. Mambo ya kodi hufundishwa katika Chuo cha Kodi kilicho Dar es Salaam. Bima husimamiwa na mamlaka yake, na masoko ya mitaji yana mamlaka yake pia, ambayo hutoa leseni kwa madalali na washauri wa uwekezaji. Kanuni ni moja: kabla ya kuchagua njia, ijue bodi yake, mitihani yake, ada zake, na muda wake.

Kwa upande wa vyuo, nchi yetu haikupungukiwa. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha mwaka 1972. Kiko pia Chuo cha Uhasibu Arusha, iko Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na kiko Chuo Kikuu Mzumbe. Nacho Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963, kilifanywa chuo kikuu kamili mwaka 2014, na hufundisha mambo ya fedha pamoja na elimu yenyewe ya ushirika. Kijana aliyekwisha kuanza utawala wa biashara katika chuo kimoja hana haja ya kuhama. Anachohitaji ni kuijaza elimu yake palipopungua.

Kazi ziko wapi?

Mzazi ana haki ya kuuliza swali hili, nasi tumjibu bila kumpamba. Zamani kijana wa fedha aliota kukaa nyuma ya dirisha la benki. Kazi ya dirishani imepungua. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, na baadaye mawakala wa benki walipoenea hadi vijijini, mtu haendi tena mjini kutoa Sh. 20,000. Benki bado zinaajiri, lakini zinamtafuta zaidi mtu anayeweza kupima mkopo, kudhibiti hatari, kuchambua takwimu na kukagua mifumo ya kompyuta. Anayejifunza kuhesabu noti tu anajifunza kazi inayoondoka.

Serikalini nafasi zipo katika wizara, halmashauri, Mamlaka ya Mapato na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Ushindani ni mkubwa, na tangazo huweza kuwataka waombaji wawe na CPA.

Na upo ushirika wenyewe, ambao vijana wengi huupita bila kuutazama. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, kila chama hutakiwa kutunza hesabu na kuzikaguliwa kila mwaka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka SACCOS katika daraja lake, yaani la tatu, nazo hazina budi kuwa na leseni na kutoa taarifa kwa utaratibu. Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005, umevifanya vyama vya mazao kushika hesabu za mnada, ghala, usafirishaji na malipo ya mkulima mmoja mmoja kupitia benki. Mwaka 2025 ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika Tanzania. Mambo haya yote humtaka mtu wa fedha anayejua pia mkutano mkuu ni nini, na kwa nini mwanachama mwenye hisa moja ana kura sawa na mwenye hisa mia.

Tusiseme uongo: chama cha msingi hakiwezi kulipa mshahara wa benki kubwa. Lakini chama humpa kijana kitu ambacho benki haimpi katika miaka yake ya mwanzo. Benki humweka katika meza moja. Katika chama, kijana mmoja huandika daftari la fedha, huandaa urari na mizania, hutayarisha makisio, huzungumza na benki, humpokea mkaguzi na kuzisoma hesabu mbele ya wanachama wanaouliza maswali makali. Miaka miwili ya namna hiyo ni shule kamili, na popote atakapokwenda baadaye atakuwa amekwisha kuiona kazi yote, mwanzo hadi mwisho.

Kalamu na dhamiri

Lipo jambo ambalo halimo katika orodha ya masomo, nalo ndilo linalowaangusha wengi. Mtu wa fedha huishi kwa saini yake. Itafika siku ambapo mkubwa wake atamwambia: lipa kwanza, hati ya malipo tutaiandika kesho. Mkubwa huyo huenda akawa mwenyekiti aliyemwajiri, au mjomba wake. Maneno yatakuwa laini, na fedha zitakuwa kidogo. Akikubali mara moja, hatakuwa na neno la kukataa mara ya pili.

Kijana na ajiulize jambo hili kabla ya kuchagua: je, naweza kumwambia mkubwa "samahani, bila hati sitoi", kwa adabu, na kukubali kuonekana mkaidi? Asiyeweza atafute kazi nyingine ya heshima, maana ziko nyingi. Taaluma ya uhasibu ina kanuni zake za maadili, na Bodi inaweza kumwadhibu aliyesajiliwa akizivunja. Lakini kabla ya Bodi wapo wanachama, ambao fedha zilizopotea zilikuwa ada za shule na dawa za wagonjwa wao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lenye uongo huipoteza mali hiyo hiyo, tena kwa saini.

Wajibu wa chama

Elimu na mafunzo ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika, wala haikukusudiwa kuishia katika semina ya viongozi. Mwanafunzi anapokuja ofisini kwa mafunzo kwa vitendo, Katibu na azingatie mambo yafuatayo.

1. Asimtume chai na kurudufu barua kwa wiki nane. Ampe daftari la fedha la mwaka uliokwisha kukaguliwa, na taarifa za benki za mwaka huo, amwambie alinganishe mwezi kwa mwezi. Kazi hiyo moja itamfundisha kijana, naye Katibu, mambo mengi.

2. Amkutanishe na watu wa njia mbalimbali: Afisa Ushirika wa wilaya, afisa mikopo wa benki ya chama, na mkaguzi anapofika. Kila mmoja amweleze kutwa yake.

3. Amwapize kutunza siri. Salio la mwanachama si habari ya kijiweni. Kijana asiyeweza kufunga kinywa kwa wiki nane hafai kufungua sanduku la fedha.

4. Asimwachie saini, fedha taslimu wala nywila za mifumo ya chama. Mwanafunzi hutazama na kufanya chini ya macho ya mwenye dhamana, lawama asibebeshwe.

5. Mwishoni amwandikie taarifa ya kweli. Sifa za uongo humdhuru kijana, kwa kuwa humpeleka katika njia isiyo yake.

Na chama kinapotaka kuajiri, nafasi itangazwe na sifa zitajwe. Mtoto wa mjumbe wa bodi anaweza kuwa hodari, lakini na ashindane kama wengine, na baba yake atoke nje ya chumba wakati wa kuamua. Mhasibu aliyeingia kwa mlango wa baba hataweza kumkatalia baba malipo yasiyo na hati.

Maswali ya kumpa kijana

Katika mwaka wa kwanza kijana na ajenge uhasibu, hesabu na matumizi ya kompyuta, hasa majedwali ya hesabu, kwa maana kila njia ya fedha huanzia hapo. Mwaka wa pili na akafanye mafunzo mahali ambapo kazi ipo, hata kama jengo si zuri. Mwaka wa tatu na awe amekwisha kujua bodi yake na mtihani wake wa kwanza. Kabla ya hapo, Katibu aweza kumpa karatasi yenye maswali haya matano, amwombe arudi na majibu aliyoyaandika kwa mkono wake:

Nataka kuandika yaliyopita, kupanga yajayo, au kuyachunguza ya wengine?
Nafanya kazi vizuri zaidi nikiwa na tarakimu, na watu, au na sheria?
Ni bodi gani inayosimamia njia yangu, na mitihani yake itanichukua miaka mingapi baada ya shahada?
Ada za mitihani hiyo zitatoka wapi: kwa mzazi, kwa mkopo wa SACCOS, au kwa mshahara wangu wa kwanza?
Ni nani nitakayewajibika kwake kwa kila shilingi, nami niko tayari kumkatalia nani?

Kijana atakayeyajibu kwa kweli hatahitaji tena kuambiwa kwamba fedha ni jambo jema. Atasema mwenyewe ni njia ipi, na kwa nini. Na chama kilichomsaidia kufika hapo, awe amebaki kwacho au amekwenda mbali, kitakuwa kimefanya kazi yake ya ushirika.